MR1, CD1b au BTN3A1: uanze na njia ipi kuchunguza seli T zinazotambua bakteria bila protini?

Mwanafunzi anayetaka kuchunguza kinga dhidi ya kifua kikuu hapa Uganda kwa kawaida huanzia kwenye protini. Kipimo cha damu cha IGRA kinatumia protini mbili za bakteria, ESAT-6 na CFP-10. Kipimo cha ngozi nacho kinatumia mchanganyiko wa protini. Vitabu vya darasani vinaeleza kwamba seli T, aina ya seli nyeupe za kinga, husoma vipande vifupi vya protini vilivyoshikwa na molekuli za HLA zilizo juu ya seli zetu, na mtihani unaishia hapo. Hakuna uongo katika hayo, ila yanaacha nje kundi kubwa la seli T za binadamu ambazo hazijali protini hata kidogo. Huamshwa na mafuta ya ukuta wa bakteria, na masalio ya utengenezaji wa vitamini, au na molekuli ndogo zenye fosfati.

Vijana wa uzamili wanaotoka Goma, Bukoba na Kisumu kuja kusoma Kampala na Mbarara huniuliza swali hili kwa Kiswahili kila msimu wa kuandika maandiko ya utafiti unapofika: nikitaka kuacha protini, nishike njia ipi? Nitalinganisha tatu ambazo mtu anaweza kuzifanyia kazi hapa kwetu, kila moja ikiitwa kwa jina la molekuli ya seli zetu inayozisaidia seli T kumtambua bakteria: MR1, CD1b na BTN3A1. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa anayeanza, MR1 ndiyo ya kwanza. CD1b ni ya mwenye swali la kifua kikuu pekee na msimamizi anayejua kazi ya mafuta. BTN3A1 ni ya mwenye swali la malaria, na akiichagua kwa ajili ya kifua kikuu katika wilaya yenye malaria nyingi, atapata tabu kueleza matokeo yake.

Kwa nini tuhangaike na njia hizi? Molekuli za HLA zina aina maelfu kwa maelfu, na Afrika ndiko zinakotofautiana zaidi. Kipande cha protini kinachoamsha seli za mtu mmoja Wakiso kinaweza kupita kimya kwa jirani yake. MR1 na jamii ya CD1, ambamo CD1b imo, haziko hivyo, maana karibu hazitofautiani kati ya mtu na mtu. MR1 ya mkulima wa Gulu na ya mwanafunzi wa Melbourne hufanya kazi ileile. Chanjo au kipimo kitakachotegemea molekuli hizo hakitahitaji kwanza kujua HLA ya kila mgonjwa.

Sababu ya pili ni panya. Panya wa maabara hawana CD1a, CD1b wala CD1c. Hawana pia seli T za gama-delta za aina ya Vγ9Vδ2, ambazo ndizo za njia ya BTN3A1, zinazoamshwa na fosfati za bakteria. Wana MR1, lakini seli zake kwao ni chache sana. Kwa hiyo maabara tajiri ya Ulaya yenye vyumba vya panya haikuzidi sana hapa. Inayohitajika ni damu ya watu wanaokutana na bakteria hawa kila siku, na Uganda imo katika orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu.

Kila njia inashika nini

CD1b ilifungua mlango huu. Mwaka 1994 kundi la Michael Brenner kule Boston, likiwa na Steven Porcelli na Evan Beckman, lilionyesha kwamba seli T za binadamu zilikuwa zinaitikia asidi ya mikoliki, mafuta marefu yanayojenga ukuta wa bakteria wa kifua kikuu. Mnyororo wake una kaboni 60 hadi 90, na watu wengi hawakuamini kwamba kitu kirefu hivyo kingeingia ndani ya molekuli ya kinga. Picha ya kristali ya CD1b iliyotoka mwaka 2002 ilionyesha namna: ndani ya CD1b kuna mifuko kadhaa iliyounganishwa na mfereji, mikia ya mafuta inajikunja humo, na kichwa kidogo chenye kupenda maji kinabaki nje. Kipokezi cha seli T kinagusa kichwa hicho.

Mfano ninaoupenda ni wa glukosi monomikoleti, uliotambuliwa mwaka 1997. Ni asidi ya mikoliki iliyobandikwa glukosi. Ilikuja kugundulika kwamba bakteria huitengeneza pale anapopata glukosi kwa kiwango kilichomo katika mwili wa mnyama. Maana yake, mafuta ni ya bakteria na sukari ni ya mgonjwa, na seli T inayotambua molekuli hiyo inatambua bakteria aliyekwisha kuingia mwilini.

MR1 ni hadithi tofauti. Seli zinazoitegemea huitwa MAIT. Mwaka 2003 kundi la Olivier Lantz huko Paris lilionyesha kwamba seli hizi zinahitaji MR1 na zinahitaji bakteria wa utumbo ili ziwepo, lakini hakuna aliyejua zinaona nini. Jibu lilitoka Australia mwaka 2012, katika kazi ya James McCluskey na Jamie Rossjohn: masalio ya vitamini B. Miaka miwili baadaye molekuli yenyewe ikatajwa, 5-OP-RU. Bakteria anapotengeneza riboflavini, yaani vitamini B2, katikati ya safari hupatikana kitu kiitwacho 5-A-RU. Hicho kikikutana na methilglioksali, ambayo ni taka ya kawaida ya kuchoma sukari, hutokea 5-OP-RU. Hii hujifunga kwa lisini ya 43 ndani ya MR1, na MR1 iliyokuwa imekaa ndani ya seli hupanda juu kujionyesha. Binadamu hatutengenezi riboflavini. Tunaipata kwenye maziwa, mayai na mboga. Kwa hiyo 5-OP-RU ni alama ya kiumbe kingine.

BTN3A1 ndiyo inayowachanganya wanafunzi, na wana haki. Hapa hakuna kuonyesha kitu nje ya seli. Molekuli ya HMBPP, ambayo bakteria wengi huipata katika njia yao ya kutengeneza isoprenoidi (jamii mojawapo ya mafuta), hujibandika kwenye mkia wa BTN3A1 ulio ndani ya seli. Mkia ukishikwa, protini hiyo na mwenzake BTN2A1 hubadilika mkao upande wa nje, na kipokezi cha Vγ9Vδ2 kinagusa BTN2A1. Nafasi ya BTN3A1 ilijulikana mwaka 2012, ya BTN2A1 mwaka 2020. Nasi tuna molekuli inayofanana nayo, IPP, lakini nguvu yake kwa seli hizi ni ndogo mara maelfu.

CD1d, ndugu wa CD1b, na seli T zinazoitegemea, ziitwazo NKT, naziacha kwa makusudi. Zana zake ni nzuri, ila seli zenyewe kwenye damu ya binadamu mara nyingi hazifiki hata moja katika mia ya seli T, na kwa kifua kikuu sioni kama zitakulipa.

Ishara inakuambia nini kuhusu adui

Hapa ndipo ningemtaka msomaji atulie, kwa sababu uchaguzi wote unategemea hapa. Njia hizi tatu hazijibu swali moja.

| Kiumbe | 5-OP-RU (MR1) | HMBPP (BTN3A1) | Asidi ndefu ya mikoliki (CD1b) |
|---|---|---|---|
| Mycobacterium tuberculosis | ndiyo | ndiyo | ndiyo |
| Escherichia coli | ndiyo | ndiyo | hapana |
| Salmonella | ndiyo | ndiyo | hapana |
| Staphylococcus aureus | ndiyo | hapana | hapana |
| Listeria monocytogenes | hapana | ndiyo | hapana |
| Streptococcus pyogenes | hapana | hapana | hapana |
| Plasmodium falciparum | hapana | ndiyo | hapana |

Soma safu ya MR1. Seli ya MAIT ikiamka, imekuambia kwamba kuna kiumbe hai anayetengeneza riboflavini. Anaweza kuwa wa kifua kikuu, anaweza kuwa Salmonella wa homa ya matumbo kama iliyoikumba Kampala mwaka 2015, anaweza kuwa bakteria wa kawaida wa utumbo. Hiyo ni taarifa pana lakini ni safi, kwa kuwa vimelea vya malaria havimo.

Safu ya HMBPP ni pana pia, ila malaria imo. Plasmodium ana kiungo kidogo ndani yake, apikoplasti, kinachotumia njia ileile ya bakteria. Kwa mtafiti wa London hilo ni jambo la pembeni. Kwa mtafiti wa Tororo au Apac linaweza kufunika kila kitu kingine.

CD1b inasema kitu chembamba: huyu ni wa ukoo wa mikobakteria. Na ukichagua mafuta kwa uangalifu unaweza kwenda mbali zaidi. Kuna mafuta yenye salfa na sukari, Ac2SGL, yaliyoelezwa mwaka 2004, ambayo bakteria wa kifua kikuu anayo na chanjo ya BCG haina. Watoto wetu wanachanjwa BCG wakizaliwa, kwa hiyo asidi ya mikoliki peke yake haiwezi kutenganisha chanjo na maambukizi. Ac2SGL inaweza. Ni faida ileile iliyofanya ESAT-6 iingie kwenye IGRA, ila safari hii kwa upande wa mafuta.

Mezani, kazi inafananaje

MR1 inashinda hapa, na inashinda kwa mbali. Kwa mtu mzima, seli za MAIT ni kati ya asilimia 1 na 10 ya seli T za damu, na kwenye ini huweza kufika asilimia 45. Mililita chache za damu zinatosha. Ukiwa na mashine ya kusoma seli kwa leza yenye rangi za kawaida, unaweka kingamwili zinazoshika alama za juu ya seli, CD3, Vα7.2 na CD161, na kundi la MAIT linajitenga kwenye kioo kama kisiwa kidogo upande wa juu kulia. Tetrama za MR1, yaani molekuli nne zilizofungwa pamoja na kutiwa rangi inayong'aa, hutolewa kwa watafiti na kituo cha tetrama cha NIH kilichoko Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Omba mapema, maana forodha nayo ina mambo yake.

Lakini kuna mitego miwili ambayo nimeiona ikiharibu kazi nzuri. Wa kwanza: 5-OP-RU ikiwa ndani ya maji haidumu. Watu huchanganya 5-A-RU na methilglioksali muda mfupi kabla ya kuitumia. Aliyeandaa asubuhi akatumia jioni anapima kitu kingine. Wa pili ni mgumu zaidi kuuona. Kuna seli T ziitwazo GEM, zilizoelezwa mwaka 2013, ambazo zinatambua glukosi monomikoleti kupitia CD1b, na kipokezi chao kinatumia kipande kilekile cha Vα7.2 kama MAIT. Ukitegemea kingamwili ya Vα7.2 pekee kwa mgonjwa wa kifua kikuu, unaweza kuwa umeyahesabu makundi mawili kama moja. CD161 inasaidia kuyatenga, tetrama inasaidia zaidi. Kisha kumbuka kwamba MAIT huamshwa pia na IL-12 na IL-18, protini za ujumbe kati ya seli za kinga, bila kipokezi kuguswa, kwa hiyo daima weka bomba la ulinganisho lenye kingamwili ya kuziba MR1.

Kazi ya CD1b ni ya subira. Seli zenyewe kwenye damu ni adimu mno. Monositi za kawaida, aina ya seli nyeupe za damu, hazina CD1b juu yake, inabidi uzikuze siku kadhaa kwa protini za ujumbe GM-CSF na IL-4 mpaka zigeuke kuwa seli za dendritiki, ambazo zina CD1b. Halafu kuna mafuta yenyewe. Asidi ya mikoliki haiyeyuki katika maji. Inahifadhiwa ndani ya klorofomu na methanoli, kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha tefloni, kwa sababu klorofomu inakula plastiki na mafuta yanang'ang'ania kuta za bomba la plastiki. Siku ya jaribio unakausha kiyeyushi kwa gesi ya naitrojeni mpaka ubaki na utando mwembamba chini ya chupa ambao jicho halioni vizuri, unaongeza maji ya lishe ya seli, unatikisa kwa mawimbi ya sauti mpaka maji yawe na ukungu kidogo. Utando ukibaki umeshika kioo, seli zako hazikupata kitu, na jibu la "hakuna mwitikio" utakaloliandika halitakuwa na maana. Ndiyo sababu nasema usiende CD1b bila mtu wa kukaa nawe kando wiki za mwanzo.

Seli za Vγ9Vδ2 ziko katikati. Kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 5 ya seli T za damu. HMBPP inanunuliwa, inayeyuka kwenye maji, na ukiiweka pamoja na IL-2 seli hizi huongezeka ndani ya wiki mbili hivi mpaka zijaze chupa. Zoledroneti, dawa ya mifupa inayotumika hospitalini, nayo huziamsha kwa kuzuia kimeng'enya kinachoitumia IPP, hivyo IPP inarundikana ndani ya seli. Kama ni urahisi wa kemikali tu, hii ndiyo ningeichagua.

Uganda inabadilisha hesabu

Utafiti wa Tororo uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto walioumwa malaria mara nyingi walikuwa na seli chache za Vδ2 (ndizo hizo za Vγ9Vδ2), na zilizobaki ziliitikia kwa udhaifu. Upungufu huo uliambatana na kubeba vimelea bila kuumwa. Kwa mtafiti wa malaria hiyo ni dhahabu. Kwa mtafiti wa kifua kikuu ni onyo: mtoto mwenye Vδ2 dhaifu huenda hakuzipoteza kwa sababu ya kifua kikuu. Kisha mwisho wa 2014 unyunyiziaji wa dawa ndani ya nyumba ulianza Tororo na malaria ikashuka sana. Sampuli iliyogandishwa 2013 na iliyochukuliwa 2018 katika kijiji kilekile zina historia mbili. Usizichanganye.

VVU inagusa karibu yote. Seli za MAIT hupungua kwenye damu ya wenye VVU, na dawa za kupunguza makali hazizirudishi kikamilifu. Kwa wagonjwa wa kifua kikuu pia zinaonekana chache kwenye damu, hata bila VVU. Anayepanga kulinganisha wagonjwa na wazima awe na hali ya VVU ya kila mmoja, na idadi ya watu wa kutosha kila upande.

Umri nao. Mtoto mchanga ana MAIT chache mno, huongezeka taratibu kwa miaka kadhaa ya utoto. Kama unapanga kuchunguza watoto wa wiki sita waliochanjwa BCG, MR1 itakupa namba ndogo zisizokusaidia.

Kuna jambo la Kampala ambalo linanipa moyo. Utafiti wa kaya ulioanza mwaka 2002 uliwafuata watu waliokuwa wakiishi nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu, chumba kimoja, hewa moja. Baadhi yao hawakugeuka: vipimo vya ngozi na vya IGRA vilibaki hasi hata walipotafutwa tena miaka mingi baadaye. Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba watu hao si kwamba hawakukutana na bakteria. Walikuwa na kingamwili na seli T zilizomjua, ila hazikutoa IFN-γ, protini ya ujumbe ambayo kipimo cha IGRA kinaitafuta. Baadaye damu zao zikaangaliwa kwa upande wa MR1, na vipokezi fulani vya seli za MR1 vikaonekana kuambatana na hali hiyo ya kutogeuka. Swali hili limezaliwa hapa, kwa damu ya watu wa hapa, na bado halijafungwa. Kijana anayetafuta pa kuingilia asilipite.

Kama lengo lako ni chanjo

Hapa nabadilisha mpangilio wangu, na nataka msomaji aone kwa nini. Rahisi kupima na nzuri kuchanja ni mambo mawili. Majaribio ya panya ya kuongeza MAIT kwa 5-OP-RU kabla ya kuwaambukiza kifua kikuu hayakuwakinga, na kuchelewa kwa seli T za CD4, zile zinazosoma protini, kufika kwenye mapafu kulionekana. Kwa nyani waliopewa 5-OP-RU, seli za MAIT zilionekana kuchoka badala ya kusaidia. Upande wa gama-delta, mwaka 2019 kundi la Chicago liliwachanja nyani kwa Listeria aliyedhoofishwa anayezalisha HMBPP, na nyani hao walidhibiti kifua kikuu vizuri zaidi. Upande wa mafuta, mwaka 2003 nguruwe-guinea, ambao wana molekuli za jamii ya CD1b, walichanjwa kwa mafuta ya mikobakteria na mapafu yao yakaharibika kidogo kuliko ya wenzao. Kwa hiyo mwenye ndoto ya chanjo aitazame CD1b au BTN3A1, hata kama atajifunzia mbinu zake kwenye MR1.

Uchaguzi wenyewe

Kama una miaka miwili, mashine moja ya leza, friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri na tangi la naitrojeni linalojazwa kwa wakati, na watu wazima wa mjini: chukua MR1. Kama msimamizi wako ana mafuta safi na uzoefu wa kukuza seli za dendritiki, na swali lako ni kutenganisha BCG na maambukizi: chukua CD1b na Ac2SGL, ujue mwaka wa kwanza utakuwa wa kujifunza mkono. Kama uko Tororo na malaria ndiyo inayokuumiza kichwa: Vδ2, bila kusita.

Na yeyote atakayechukua MR1, aongeze kingamwili ya Vδ2 katika bomba lilelile. Ni rangi moja zaidi, haihitaji damu nyingine, na idhini ya kamati ya maadili na ya UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, inaweza kuombwa kwa pamoja tangu mwanzo. Siku ya kuchukua damu mpime mtu malaria, muulize lini aliumwa mara ya mwisho, na uandike jibu kwenye fomu hiyohiyo yenye namba ya bomba, kabla damu haijatoka zahanati.